Mzee wa Machela na Pua Yake

Jina lake sitalitaja. Wanaomjua watamtambua kwa pua, na wasiomjua hawana hasara. Wengine waliohusika nitawataja kama walivyo, Osmundi na Festo, kwa sababu wako hai, wana midomo, na wakitaka kubisha waje wabishe. Yeye hawezi tena kubishana nami, basi nitamwita kama tulivyomwita wote pale kitongojini kwetu, juu ya Litembo: Mzee wa Machela.

Siku hizi bodaboda inafika mpaka mlangoni. Mgonjwa anapakiwa katikati ya dereva na ndugu yake, jasho halijawakauka yuko hospitali. Zamani zile mgonjwa alibebwa. Machela yetu ilikuwa miti miwili ya mlingoti, kamba za katani na blanketi la kijivu, na ilikaa chumba cha nyuma pale kigangoni, kanisa letu dogo. Kila nyumba ilitoa mwanamume wa kubeba. Mtu akizidiwa, Mzee wa Machela aligonga rimu ya gari iliyoning'inia nje ya kigango, na wanaume wakaacha majembe shambani wakaja mbio. Lakini kabla ya kugonga alikwenda kwanza mwenyewe kumwangalia mgonjwa. Yeye ndiye aliyeamua nani abebwe na nani asibebwe. Hilo ndilo ninalolisimulia hapa, maana mimi niliwekwa upande wa wasiobebwa, na sikio langu la kulia limebaki huko.

Nianze na pua, kwa sababu yeye mwenyewe angeanza na pua.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la kahawa la ushirika. Ulifungua gunia lako, yeye akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kahawa ya chini kabisa, akaipeleka puani, akafumba macho. "Hii ililala ndooni usiku mmoja zaidi. Mlikuwa na sherehe?" Na kweli mlikuwa na sherehe. Mara moja alinusa gunia la mtu akasema kuna panya aliyekufa humo. Mwenyewe akaapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yake. Gunia likamwagwa, panya akadondoka mbele ya watu wote, na tangu siku ile hakuna aliyebishana na pua ile. Ilikuwa pua ndefu, pana chini, na alikuwa na tabia ya kuigusa kwa kidole gumba kabla ya kusema neno zito, kama mtu anayehakikisha ufunguo bado uko mfukoni.

Akipita njiani aliwaambia wanawake walichopika. "Mama Zita, leo usipa umeungua." Mama Zita ni mke wangu Kanisia, Mnyasa wa kule ziwani, na usipa ni dagaa wa kwao. Alikuwa akimjibu, "Baba, umeungua kwa sababu nilitoka kukusalimu." Akacheka, maana alipenda kujibiwa, ila na wanawake tu. Mwanamume akimjibu alimgeuzia mgongo.

Pombe alikuwa haitaki hata kwa mbali. Lakini mke wake ndiye aliyekuwa fundi wa kangara kuliko wote upande ule, na harusi zote zilinywa kwake. Mzee alikaa upande unakotoka upepo ili harufu isimfikie, akala chakula kilichonunuliwa kwa fedha ya kangara, na usiku akasali rozari kwa ajili ya walevi. Ukimuuliza alisema, "Mimi sinywi. Mke wangu hanywi. Wanaokunywa ni ninyi." Hapo mazungumzo yaliishia.

Sheria ya machela aliileta yeye. Enzi za ushirika fedha ya kahawa ilikuja kwa vipande na kwa kuchelewa, mtu hakuweza kulewa nayo hata kama angetaka. Zikaja enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wakatandika maturubai kando ya barabara na mizani yao wenyewe, wakalipa papo hapo, na lori lile lile lililokuja kuchukua kahawa lilileta makreti ya bia. Siku ya malipo wanaume walilala mitaroni. Mwaka mmoja, kwenye mvua, tulimbeba mtu mpaka hospitali ya Litembo tukimwombea njia nzima, wengine wakilia. Muuguzi alipofunua blanketi, mgonjwa alikuwa anakoroma. Daktari alisema, "Huyu mwacheni alale." Tukarudi na matope mpaka magotini. Pale kigangoni Mzee wa Machela akasimama, akagusa pua, akasema, "Kuanzia leo mlevi habebwi. Nitamnusa kila mtu." Wote tulikubali. Ilikuwa sheria nzuri kwa miguu yetu.

Ubaya wake ni kwamba ilikabidhi roho za watu kwa pua ya mtu mmoja.

Akiongoza machela lakini, nisimnyime haki yake, hapakuwa na mtu kama yeye. Alitangulia mbele na panga, akikata matawi, akitaja mashimo: "Shimo kushoto! Jiwe! Shuka taratibu, huyo si gunia!" Hakuruhusu mtu kulia akiwa amebeba. "Ukitaka kulia kalilie nyumbani, hapa tunabeba." Hakupumzika mpaka wabebaji wote wapumzike, na maji ya kijito alikunywa wa mwisho. Alimbeba adui yake. Alimbeba mnunuzi wa kahawa aliyekuwa amemtukana mbele ya watu, tena alipofika naye hospitali alimvua viatu na kumfuta matope. Baadaye mnunuzi yule alipopona alikuja kumshukuru, na Mzee akamwambia, "Mizani yako bado ni ya mwizi."

Sasa nije kwenye yangu.

Nilianza na sikio. Lilikuwa linatoa usaha, jambo la kawaida tu, nikaenda kwa Festo. Festo alikuwa amefungua duka la dawa kwenye chumba ambacho mwaka wa nyuma aliuza sabuni na betri, na sabuni na betri bado zilikuwapo. Hakuuliza kitu. Alinipa vile vidonge vya rangi mbili, kiganja kimoja, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. "Likikauka, acha," akasema. Likakauka, nikaacha. Lilikuwa limekauka nje tu. Hilo nimeambiwa baadaye na daktari, na Festo nimemwambia mara nyingi mbele ya wateja wake, na kila mara ananiuliza kama nina risiti.

Nikiwa hivyo tulishuka ziwani, mimi na Kanisia, kwa wakwe zangu huko Mbamba Bay, kupeleka maharage na kurudi na usipa mkavu. Asubuhi moja nilitoka nje, nikatazama maji, mwanga ukaniingia machoni kama pilipili.

"Leo ziwa lina nini?" nikamuuliza Kanisia. "Linanichoma."

"Ziwa ni lile lile, baba Zita. Macho yako ndiyo yamekuwa mageni."

Mama mkwe akasema ni malaria. Nikameza dawa ya malaria. Kichwa hakikusikia. Nimeumwa kichwa mara nyingi maishani, lakini hicho kilikuwa kingine: kilianzia kisogoni, kikapanda, kikakaa, na kila lori liliporuka shimo wakati wa kurudi nilihisi ubongo unagonga mfupa. Nilipanda mlima wa nyumbani nimejifunika kanga ya mke wangu usoni, mchana kweupe. Watu walicheka. "Kanisia kamtoa wapi bibi harusi huyu?"

Nyumbani nikashikwa na kutetemeka. Hapo ndipo alipoingia Osmundi, mume wa dada yangu, na chupa ya gongo ndani ya koti.

"Shemeji, hii baridi ni ya ziwani. Dawa yake ni kuichoma."

Akanimwagia gongo kifuani, mgongoni, shingoni, akaanza kunisugua. Watu wetu wengi hufanya hivyo, sisemi aliizua yeye. Alipofika shingoni akasema, "Loo, imekaza kama mti. Shauri ya kubeba magunia kichwani," akaishika kuinyoosha. Nikapiga yowe mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikatapika. Sikuhisi hata kichefuchefu. Matapishi yalitoka tu kama maji kwenye bomba lililopasuka, yakampata Osmundi kifuani. Shati langu likabaki limelowa gongo na matapishi. Kumbuka shati hilo.

Yaliyofuata sikuyaona vizuri. Nasimulia ya Kanisia. Anasema nilianza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nilimwita kwa jina la mama yangu. Nikamwambia atoe ng'ombe ndani, na sisi hatukuwa na ng'ombe. Alipotaka kunifunika nilimsukuma, mimi ambaye sijawahi kumnyanyulia mkono. Mlango ukifunguliwa mwanga ukaingia, nilipiga kelele. Alipogusa paji la uso, mkono ulirudi wenyewe kwa moto.

Akaenda kwa Mzee wa Machela. Naye, kwa bahati mbaya yangu, alikuwa ametoka barabarani kwenye turubai la wanunuzi, ambako tangu jana yake malipo yalikuwa yakiendelea, na alikuwa amekwisha kuruka walevi njia nzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Zita. Kuna nini?"

"Mume wangu anazidiwa. Naomba machela."

"Anaumwa nini?"

"Homa, kichwa, anatapika, shingo haigeuki. Na akili imehama."

"Jana ilikuwa malipo."

"Hakwenda kwenye malipo, baba. Tumetoka naye ziwani."

Akaja. Akainama pale kitandani, akaweka pua kwenye shati langu. Osmundi alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akamgeukia: "Amekunywa?"

Na Osmundi, ambaye gongo ilikuwa yake, ya kupika mwenyewe, ya kificho, na aliogopa kuulizwa ilitoka wapi, akasema, "Shemeji kidogo alionja."

Haya. Kidogo alionja. Hayo ndiyo maneno yaliyoniulia sikio.

Kanisia akasema, "Muongo huyu! Kampaka, hakumnywesha!" Lakini nani atamsikiliza mwanamke wa ziwani mbele ya pua iliyomtoa panya guniani? Na mimi mwenyewe nikaharibu kabisa. Nilinyanyuka nusu, nikamwangalia Mzee wa Machela, nikamwita beberu. Nikamwambia anuse mkia wake.

Akagusa pua kwa kidole gumba. "Mama Zita, mwache alale. Kesho hataumwa kitu ila aibu."

Akaondoka.

Kanisia hakukaa chini kulia. Alikwenda kigangoni pamoja na dada yangu na mjane wa jirani, akatoa machela yeye mwenyewe. Kwetu mwanamke hakuwahi kushika mti wa machela. Haikukatazwa, haikuwahi kufikiriwa tu. Wakanifunga kwenye blanketi ili nisijirushe, wakanyanyua, wakaanza kuteremka njia, watu watatu, machela inainamia upande. Pale kwenye turubai la kahawa wanaume waliwaona.

"Wanyasa wanahamisha mtumbwi!"

Watu wakafa kwa kicheko. Kanisia hakusimama. "Cheka," akasema, "ukimaliza ushike mti. Mimi mkono umechoka."

Akacheka wa kwanza, akacheka wa pili, kisha kicheko kikakosa mahali pa kukaa. Mmoja akaweka chupa chini, akashika mti. Wengine wakaja. Na walipopita mbele ya uwanja wa Mzee wa Machela, yeye alitoka na panga lake. Kanisia alidhani anakuja kuwarudisha. Sivyo. Alipita kando ya njia mpaka mbele, akaanza kukata matawi. "Shimo kulia," akasema. "Jiwe." Njia nzima mpaka Litembo alitaja mashimo, kuninyima machela na kunisindikiza vyote vikiwa vyake, siku moja, mtu mmoja. Nimejaribu kumwelewa miaka mingi na hapo ndipo ninapokwama.

Hospitali, daktari aliingiza mkono chini ya kisogo changu na kunyanyua kichwa taratibu, kidevu kifike kifuani. Kichwa hakikukunjika, mabega ndiyo yalinyanyuka nacho, na magoti yangu yakajikunja yenyewe kama ya mtoto mchanga. Mzee wa Machela alikuwa amesimama miguuni pangu. Aliona. Daktari hakumnusa mtu. Alimwambia muuguzi, "Homa ya uti wa mgongo, tusingoje," wakanikunja kama ndizi, wakanichoma sindano katikati ya mifupa ya mgongo, maji yakatoka. Kanisia anasema maji hayo yanatakiwa yawe safi kama ya chemchemi, yangu yalikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Wakaanza kunidunga dawa mshipani saa ile ile. Kanisia alipogeuka kumtafuta Mzee, alikuwa amekwisha kutoka.

Nilipozinduka nilimwona Kanisia anasema. Midomo ilicheza na hakuna kilichotoka. Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Sema basi!" Akaanza kulia, na kilio nacho hakikuwa na sauti.

La kushoto lilirudi kidogo. Mtu akisimama karibu upande huo akasema kwa nguvu, nasikia. La kulia lilikufa. Daktari alimweleza Kanisia, naye akanipigia kelele mpaka nikashika: kichwa kuuma vikali, homa, shingo kukaza, akili kuchanganyikiwa. Kwa mtu mzima si lazima vyote vije pamoja, tena mwanzoni unaweza kudhani ni malaria. Viwili vikikutana, mpeleke. Usikae nyumbani kukisia, kwa maana ugonjwa huu unakwenda mbio, na kila ukichelewa unabeba kitu cha mtu.

Nikiwa bado wodini, mke wa Mzee wa Machela alimletea Kanisia unga na mkungu wa ndizi. Kanisia akamuuliza, "Baba kasemaje?" Akajibu, "Kasema niulete." Basi.

Nilirudi nyumbani na nia moja. Sikutaka unga. Nilitaka sheria ile ifutwe, na aifute yeye, mbele ya watu, kwa mdomo uliosema "kesho hataumwa kitu ila aibu." Maana sikuwa mimi peke yangu. Baadaye kijana wa mjane yule yule aliyenibeba alianguka siku ya malipo, akanuswa, akaachwa alale kwenye migomba pombe imtoke. Ilimtoka, naye akatoka nayo. Sisemi ulikuwa uti wa mgongo. Hakuna aliyempima, ndilo ninalolisema. Kaburi lake Mzee wa Machela alilichimba kwa mikono yake, hakumwachia mtu jembe.

Kila mwaka baada ya mavuno tulikuwa na kikao cha machela, kubadilisha kamba na kufua blanketi. Kila mwaka nilisimama. Nilisoma mpaka darasa la nne tu na maneno yangu hayakupangika, tena kiziwi hajui anasema kwa sauti gani, kwa hiyo nilipiga makelele.

"Mlevi naye abebwe! Mlevi naye ana shingo!"

Osmundi alikuwa wa kwanza kucheka. "Karibu, bwana Uti wa Mgongo. Tubebe na wewe leo?"

Na Mzee wa Machela alijibu. Nakwambia alijibu kila mwaka, kwa ukamilifu, ila alikuja akakaa upande wangu wa kulia na kujibu huko. Niliona pua inacheza, nikaona watu wanaitikia, sikusikia neno. Kanisani alikaa kuliani kwangu. Njiani tukikutana alinisalimia kuliani. Watu walisema mzee kasahau. Mtu aliyekumbuka gunia la kila mtu kwa harufu atasahau sikio? Kanisia ndiye aliyekuwa akinieleza baadaye alichosema: "Anasema akiifuta kwa ajili yako, kesho walevi wote wa vijiji vya Ruanda na Kitura watakuja kubebwa hapa."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia waje, mabega tunayo."

Sikuacha. Nilijiandikisha kubeba, nikawa sikosi zamu. Mtu asiseme kwamba nalalamika kwa sababu sitaki kazi. Mti wa mbele kushoto ukawa wangu, na nilimfuata mgongo wake njia zote zile, nikiuchukia, nikikanyaga alipokanyaga yeye kwa sababu alipokanyaga hapakuwa na shimo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, alikuwa mzee hasa. Miguu ilikuwa imevimba, kahawa alikuwa hanusi tena, wanunuzi walikuwa na mashine ya kupima unyevu. Ilikuwa asubuhi ya siku iliyofuata malipo. Nilikuwa napalilia kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, nikaona kivuli. Alikuwa amesimama kuliani kwangu kama kawaida, anasema. Nikaendelea kulima. Akapandisha sauti mpaka nikasikia.

"Otmari kalala kwenye kahawa. Ana moto. Anasema kichwa."

Otmari tulimjua sote. Alikuwa anakunywa kama watu wengine wanavyopumua.

"Kanywa?" nikauliza.

"Ananuka kuanzia barabarani."

"Sasa?"

"Nimekwambia njoo."

Nikaenda. Otmari alikuwa chini, jua linampiga, ngozi inaunguza, anaguna. Nilingoja Mzee ainame kunusa. Hakuinama. Alisimama mikono nyuma, akanionyesha kwa kidevu: shika wewe. Nikajaribu kunyanyua kichwa. Otmari akanisukuma, akanitukana, nikajaribu tena, akajikaza. Labda shingo ilikaza, labda ni yeye aliyejikaza.

"Sijui," nikamwambia. Ndiyo kweli yenyewe. Sikujua.

Mzee wa Machela akageuka akaenda kigangoni kwa miguu yake ile, akagonga rimu.

Wanaume walikuja, wakaona ni nani, wakatazamana. "Otmari? Huyu si mgonjwa, huyu ni mteja!" Lakini rimu ilikuwa imegongwa na aliyeigonga alikuwa na panga mkononi, ametangulia. Tukanyanyua. Otmari alikuwa mzito kama anavyokuwa mtu asiye na wasiwasi. Tulipovuka kijito cha pili, penye upepo, blanketi likatikisika, kichwa kikachomoza.

"Jamani," akasema Otmari, "nani kafa?"

Machela ikasimama. Akatutazama mmoja mmoja, akajitazama na yeye. "Mna tumbaku?"

Sikuhitaji masikio kujua kicheko kile. Osmundi aliachia mti wake kabisa, akakaa chini, akafuta machozi. Alikuja mpaka kwenye sikio langu la kushoto, alijua lilipo, akasema kwa nguvu ili wote wasikie: "Haya, bwana Uti wa Mgongo! Mgonjwa wako huyo. Weka kidevu kifuani, Otmari!"

"Kidevu cha nani?" akauliza Otmari.

Wakafa tena. Nilisimama na mti begani na nikaona miaka yangu yote ya vikao inaishia pale kijitoni, ndani ya mdomo wa Osmundi. Mmoja akasema tumteremshe arudi kwa miguu yake. Wakaanza kuinamisha machela.

Mzee wa Machela alirudi kutoka mbele. Alipita katikati yao. Niliona mkono unapanda kuelekea puani, kidole gumba kimekwisha kunyooka, ukafika nusu, ukashuka. Akaongea bila kunitazama, kwa sauti aliyokuwa akitaja nayo mashimo, na ile niliisikia hata mimi.

"Si kazi yetu kunusa. Kazi yetu kubeba. Nyanyueni."

"Mzee, si unamwona kalewa?"

"Namwona. Atalevuka huko huko hospitali. Mlevi abebwe. Osmundi, mti wako uko chini."

Osmundi akaokota mti.

Tulimbeba Otmari mpaka Litembo akiwa macho, akituimbia, akilalamika kwamba upande wa kushoto unarukaruka. Daktari akamfunua, akamnyanyua kichwa, shingo ikakunjika vizuri kabisa kama ya kuku. Akampima damu. "Ana malaria kidogo na pombe nyingi," akasema. Akatutazama na matope yetu, nadhani alitegemea tukasirike. Mzee wa Machela akamwambia, "Asante, daktari. Tulitaka ujue wewe."

Tukarudi na machela tupu. Wenzangu walitangulia, wanacheka bado. Mimi nilibaki nyuma nimebeba blanketi, yeye alibaki nyuma kwa ajili ya miguu. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu, yeye kuliani kwangu, mahali pake pa siku zote. Sijamsamehe, na siku ile sikumsamehe. Nilikuwa namfikiria kijana wa mjane.

Kwenye mwinuko wa mwisho, pale njia inapokuwa nyembamba, alisimama. Nikadhani amechoka. Akanizunguka kwa nyuma, polepole, panga likimsaidia kama fimbo, akaja akasimama upande wangu wa kushoto. Tukaanza kutembea tena.

"Mahindi ya Osmundi yamekauka kabla ya wakati," akasema.

"Nimeyaona," nikasema.

"Hakupalilia."

"Hakupalilia, baba."

Akaendelea kuongea mpaka nyumbani, habari za mahindi, habari za kamba za machela zilizochakaa, na nilisikia kila neno.